Jian Dang Wei Ye: ivumilie saa ya kwanza, utamu uko mbele

Kama unapenda filamu za historia, itafute hii ya Wachina ya mwaka 2011. Waongozaji ni Han Sanping na Huang Jianxin, na ilitoka Chama cha Kikomunisti cha China kilipokuwa kinatimiza miaka 90. Inaanza na mapinduzi ya 1911 yaliyouangusha ufalme wa Qing, inaishia 1921 chama kinapozaliwa. Niliitazama na mdogo wangu, kwa Kichina chenyewe na maandishi ya Kiingereza chini, na naipendekeza kwa moyo wote. Ila usiizime mapema.

Saa ya kwanza ni mbio tupu. Sun Yat-sen, kiongozi wa mapinduzi, anaingia, anatoka. Jenerali Yuan Shikai, ameigizwa na Chow Yun-fat, anaupata urais, anautamani ufalme, anajitangaza mfalme, na 1916 huyo kashakufa. Andy Lau anakuja kama Cai E, jenerali aliyeinua jeshi la Yunnan kumpinga Yuan, na hujamzoea vizuri kashaondoka. Mdogo wangu hakuacha kuuliza, "Dada, huyu naye ni nani tena?" Wamejaza nyota wengi mno, na kila mmoja kapewa kipande kidogo. Soma kwanza habari za Yuan Shikai hata kwa dakika kumi, utafuatilia kwa raha zaidi.

Kisha inafika 1919, na hapo filamu inapata pumzi. China ilikuwa upande wa washindi wa Vita Kuu ya Kwanza, tena vibarua wake zaidi ya 100,000 walikwenda kuchimba mahandaki na kubeba mizigo Ulaya. Malipo yake? Wakubwa walioketi Paris kwenye mkutano wa amani wakaamua kwamba haki za Wajerumani kule Shandong, jimbo la China, ziende kwa Japani. Tarehe 4 Mei wanafunzi wa Beijing wakamiminika barabarani, wakaichoma nyumba ya waziri Cao Rulin waliyemwona kaiuza nchi. Hasira ile unaielewa bila kuelezwa.

Aliyenikamata zaidi ni Feng Yuanzheng akiigiza Chen Duxiu. Msomi mzima, mhariri wa jarida la Vijana Wapya, anagawa vipeperushi kwa mikono yake mwenyewe mpaka anatiwa ndani. Liu Ye kama Mao Zedong, kijana wa Hunan anayefanya kazi maktaba ya Chuo Kikuu cha Beijing chini ya mkuu wake Li Dazhao, naye kaweza, ingawa mapenzi yake na Yang Kaihui yamepewa muda ambao ningeupeleka kwa wengine.

Mwisho ndio kilele. Julai 1921, watu kama 13 wanakutana ndani ya nyumba moja katika eneo la Shanghai lililokuwa mikononi mwa Wafaransa, kwa niaba ya wanachama wasiozidi 60 nchi nzima. Usiku wa tarehe 30 mtu asiyejulikana anachungulia, anasingizia kakosea nyumba. Maring, Mholanzi aliyetumwa na Moscow, anawaambia watawanyike papo hapo. Polisi wanafika wamechelewa. Wang Huiwu, mke wa mjumbe Li Da, ndiye aliyeleta wazo la kuhamia kwenye mashua katika Ziwa Nanhu, Jiaxing. Zhou Xun anamwigiza kwa maneno machache sana, na bado macho yangu yalikuwa kwake tu.

Ujue pia kwamba imetengenezwa na shirika la filamu la serikali, na Han Sanping alikuwa mkuu wake. Ni chama kinajisimulia chenyewe. Kwa hiyo ukimaliza, fuatilia waliohudhuria mkutano ule waliishia wapi. He Shuheng aliuawa 1935. Chen Gongbo na Zhou Fohai walikwenda kuitumikia serikali iliyowekwa na Wajapani. Zhang Guotao alijitoa 1938, akafia Kanada. Chen Duxiu, aliyechaguliwa kiongozi bila hata kuwepo, alifukuzwa chamani 1929. Oktoba 1949, Jamhuri ya Watu wa China ilipotangazwa pale Tiananmen, Beijing, kati ya wajumbe wote wale waliosimama jukwaani ni Mao na Dong Biwu peke yao. Nilipoyajua hayo niliirudia sehemu ya mkutano, na safari hii mdogo wangu ndiye aliyekuwa akinitajia nani ni nani.