Couch to 5K: uzoefu wangu na mpango wa kukimbia wa wiki 9 hapa Dar

Nianze na jibu kabisa kwa wale wanaotaka kujua tu kama Couch to 5K (yaani kutoka kwenye kochi mpaka kukimbia kilomita 5) inafaa: mpango huu ni mzuri, ni wa bure, na ndo kitu cha kwanza kilichonifanya mimi nipende mazoezi, yaani kupenda kweli, sio kujilazimisha. Mi ni fundi cherehani, siku nzima nimekaa, mgongo umejikunja, na miaka arobaini nimeshaivuka. Kwa hiyo ninachoandika hapa ni kwa mtu kama mimi, vijana wa mpira mna mambo yenu.

Mpango wenyewe aliutunga Mmarekani mmoja anaitwa Josh Clark mwaka 1996, na aliyekuwa anamfikiria ni mama yake, mwanamke wa miaka hamsini na kitu ambaye hakuwa mkimbiaji. Hilo lilinigusa sana niliposikia, manake mazoezi mengi ukiyaangalia unaona kabisa yametungwa na mtu mwenye nguvu zake kwa ajili ya wenye nguvu wenzie. Baadae huduma ya afya ya Uingereza, NHS, wakatoa toleo lao la sauti, dada mmoja anaitwa Laura anakuongoza, anakwambia sasa kimbia, sasa tembea, umebakiza dakika moja. Mdogo wangu anaishi huko, ndo alinitumia zile sauti WhatsApp, ukishazipakua hauhitaji bando tena.

Inavyokwenda ni hivi. Unatoka mara tatu kwa wiki, na kati ya siku na siku unapumzika. Kila ukitoka unaanza kutembea haraka haraka dakika 5, na mwisho unamalizia kwa kutembea dakika 5 nyingine. Wiki ya kwanza unakimbia sekunde 60 tu halafu unatembea sekunde 90, unarudia rudia hivyo mpaka zitimie dakika 20. Wiki ya pili unakimbia sekunde 90, unatembea dakika 2. Wiki ya tatu zinaingia dakika 3 za kukimbia, ya nne dakika 5, inapanda hivyo kidogo kidogo mpaka wiki ya 9 unakimbia dakika 30 bila kusimama. Basi, hamna kingine, hamna mashine wala chuma cha kunyanyua.

Sasa kwa nini hii imenishika wakati mengine hayakunishika? Kwa sababu kutembea kumeandikwa humo humo ndani. Kabla ya hapo nilishalipia gym moja mjini, kocha anakusimamia kichwani ongeza, ongeza, ongeza, ukipunguza unaonekana mvivu, unarudi nyumbani unahema na siku inayofuata hata ngazi huziwezi, moyo unakataa kabisa kurudi. Huku ni kinyume chake, Laura anakuambia punguza, nenda taratibu, ukiona unahema sana basi unaenda kasi mno. Na ule muda wa kutembea ukifika unatembea kwa haki yako kabisa kwa sababu ndo zoezi lenyewe la siku ile. Kila nikirudi nyumbani nimemaliza kilichoandikwa, na jamani kumaliza kitu kunaleta raha ambayo mtu mzima huipati kirahisi, nguo za wateja haziishi, vyombo haviishi, lakini zoezi la leo limeisha na saa moja kamili asubuhi haijafika!

Kipimo changu cha kasi ni mdomo. Nakimbia na jirani yangu mmoja, tukiweza kuongea sentensi nzima nzima tuko sawa, tukianza kukatakata maneno tunapunguza. Kwa hiyo tunapiga stori njia nzima, habari zote za mtaa nazipata mle, siku nyingine nikiri nachofuata ni stori kuliko mazoezi na sioni ubaya wowote.

Wiki ya tano ndo wengi wanaiogopa. Siku ya pili yake unakimbia dakika 8, unatembea 5, unakimbia 8 tena. Siku ya tatu, ghafla, dakika 20 mfululizo hamna kutembea hata kidogo. Mi nilivyoiona nilisema hii hapana, tukairudia wiki ya nne kwanza, na inaruhusiwa kabisa kurudia, hakuna anayekuhesabia. Siku tuliyoijaribu tulienda polepole kiasi kwamba kuna mzee alikuwa anatembea zake kwa haraka tukawa tunakwenda naye sambamba, akatusalimia, tukamwamkia, tukaendelea. Na dakika 20 zikaisha miguu bado inataka! Pale ndo nilielewa kwamba pumzi ninayo siku zote, kilichokuwa kinanimaliza ni haraka tu. Nililia kidogo, sitaki kudanganya.

Kuna vitu lazima mtu wa huku ajiongezee mwenyewe kwa sababu mpango umekaa kimazingira ya baridi. Cha kwanza joto. Dar ukitoka saa moja asubuhi umeshachelewa, jua na ule unyevu wa bahari vinakumaliza hata kama unaenda taratibu. Mi nikishaswali alfajiri navaa raba hapo hapo, sirudi kitandani, kukianza kupambazuka tunatoka, tunaenda kuzunguka uwanja wa Mkapa kwa sababu pale asubuhi watu wa mazoezi ni wengi, wanawake wako, wazee wako, unajisikia salama. Njia za giza mkiwa peke yenu msipite, na barabarani kaa upande unaoona magari yanakuja kukukabili, bodaboda wengine hawana taa.

Cha pili viatu. Sio lazima vipya, mimi vyangu ni mtumba wa Karume, ila vikunje uone, visiwe vigumu kama ubao na soli isiwe imelika upande mmoja. Ugoko ukianza kuuma ongeza siku ya kupumzika, usijikaze kisabuni. Mapafu na moyo vinazoea haraka, mifupa na kano zinachelewa, ndo maana ya zile siku za kupumzika. Kwa dada zangu, sidiria ya mazoezi inayobana vizuri ni muhimu kuliko hata viatu. Mi navaa suruali pana, gauni fupi juu yake na ushungi wa kitambaa chepesi, hainizuii chochote.

Muziki nao uangalieni. Mwanangu aliniwekea singeli, jamani singeli inakuburuta, kabla hujashtuka umeshaongeza kasi mara mbili na pumzi imekata. Taarabu ya taratibu inanifaa zaidi.

Ramadhani tulibadilisha, hatukukimbia, tulitembea nusu saa kabla ya futari, basi tu mwili usisahau, baada ya Idi tukaanzia wiki ya nne.

Faida nilizoziona mwenyewe: usingizi, kwanza kabisa usingizi. Halafu mgongo, nakaa kwenye cherehani mpaka jioni bila ule moto kiunoni. Uzito haujashuka sana na nasema wazi ili mtu asiingie kwa sababu hiyo akakata tamaa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, sasa wiki ya 9 ukijumlisha kukimbia na kule kutembea kwa mwanzo na mwisho unapata kama 120, ukiongeza kushuka daladala kituo kimoja kabla umeshapita.

Mjue pia kwamba dakika 30 kwa wengi wetu hazifiki kilomita 5, mimi hazifiki, na wala hainisumbui. Maelekezo ya Laura ni ya Kiingereza, kama hakikupandi tumia kengele ya simu na mtu akuandikie ratiba kwenye karatasi, itafanya kazi vile vile. Mwenye presha, sukari au shida ya moyo apite kwanza kwa daktari.

Mkishamaliza wiki zote 9 msikae hivi hivi bila mpango. Huku Temeke klabu za jogging zimejaa, Jumapili asubuhi mnakimbia pamoja na filimbi na chenja, zile nyimbo za mchakamchaka, mwendo wa taratibu ule ule mliouzoea, na anayechoka anatembea nyuma na wenzie. Sisi wawili tumeshajiunga na jezi tumeshalipia.