Jinja: nyumba ya wageni yenye kadi za posta ukutani

Mapokezi yao, jamani, msiyategemee. Dada wa pale alimaliza kwanza mazungumzo ya simu ndipo akaliona begi langu. Lakini ukumbi wa kulia! Ukuta mzima kadi za posta za zamani, za Naili hii hii inayopita nyuma ya jiko.

Niliyoipenda zaidi ni ya maporomoko ya Ripon, yale aliyoyafikia Speke, mpelelezi Mwingereza, mwaka 1862. Maji meupe yanaruka mwambani, na bwana mmoja wa kofia ngumu ameshika ndoana utadhani mto ni wake. Sisi tuliozaliwa baada ya bwawa la Owen Falls kufunguliwa mwaka 1954 tumeyasikia tu, maana yalizama. Kadi nyingine wameigeuza, ionekane stempu ya mwaka 1935 ya Kenya, Uganda na Tanganyika: Mfalme George wa Tano pembeni, daraja la Jinja katikati. Babu yangu alikuwa na stempu kama hiyo.

Kasoro ni kwamba hawajaandika maelezo yoyote, na maporomoko ya Bujagali, yaliyozamishwa na bwawa jingine miaka ya karibuni tu, wameyachanganya na Ripon. Mgeni atajuaje?

Ngege wa kukaanga mzima, na matoke ya mchuzi wa karanga, safi kabisa. Chai imepoa. Ombeni chumba cha upande wa mto. Vile vya barabarani, malori hayawaachi mlale.