Fomu ya mkataba ya saiba, Malindi: nunua, lakini usitie sahihi kabla ya kurekebisha mstari wa likizo

Fomu hii ya kurasa mbili, ya kuajiri mpishi, mlinzi au mtunza bustani wa nyumba za wageni, huchapwa papo hapo saiba (duka la intaneti na uchapaji) kwa bei isiyozidi chai na mahamri. Kiswahili chake kinasomeka, mshahara unaandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, na shahidi ana nafasi yake. Hapo inastahili sifa.

Ubaya wake uko kwenye mstari mmoja: "Likizo ni siku 21 kwa mwaka." Siku gani? Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 28, inataka siku 21 za kazi, kwa mshahara kamili, kila miezi 12. Mtunza bustani wa siku sita kwa wiki akihesabiwa kwa kalenda, siku zake tatu za mapumziko humezwa humo, abaki na 18 za kazi. Tatu zimeliwa, na mwakani zitaliwa tena! Ongeza "za kazi" kwa kalamu, kisha mwajiri na mfanyakazi watie sahihi pembeni.

Kuhesabu kwa kalenda si kosa kila mahali. Tanzania hutoa siku 28 mfululizo, sikukuu zikiwemo. Italia, watokako wenye nyumba wengi wa hapa, hupima kwa wiki, zisizopungua nne. Marekani haina kabisa sheria ya taifa zima inayomlazimisha mwajiri kutoa likizo ya malipo. Lakini kazi ikifanyika Malindi, kiwango cha chini ni cha Kenya hata mwenye nyumba akiwa Mtaliano. Akipenda kutoa wiki nne za kwao, vizuri sana, na ziandikwe.

Fomu pia imemsahau mtu wa msimu, na huyu ndiye anayeumia zaidi. Aliyetimiza miezi miwili au zaidi, kazi ikikatika, anadai siku 1.75 za likizo ya malipo kwa kila mwezi aliotimiza: miezi sita ni siku 10.5. Ziandikwe, la sivyo msimu ukiisha ataondoka mikono mitupu.

Nyumba zikifungwa masika, wasimamizi hupenda kutoa likizo vipande vipande. Kugawa kunaruhusiwa kwa makubaliano, mradi kipande kimoja kisipungue wiki mbili za kazi mfululizo. Fomu haina nafasi ya kuandika hilo. Tumia mgongo wa ukurasa wa pili.

Na uombe uchapiwe nakala mbili. Ikitoka moja, huishia kwenye droo ya mwajiri.