Uzi unaoniachia macho: kufuma na kusoma kwa wiki nzima Mwanza

Uzi wowote ninaounua naupima kwa swali moja: naweza kuufuma huku macho yangu yakiwa kwenye kitabu? Bei, rangi na ulaini vinafuata baadaye. Wiki hii nimefuma nyuzi za aina mbili, akriliki na pamba, kwa sindano za mianzi za mviringo, na kitabu kilichokuwa mapajani ni kile cha Aniceti Kitereza kuhusu Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Naandika kwa wafumaji wenzangu wa hapa Mwanza na kando ya ziwa, maana ushauri mwingi tunaoupata umeandikwa na watu wa nchi za baridi, wanaofuma sufu nzito ambayo sisi hatuna pa kuivaa.

Nianze na sindano, kwa sababu ndizo zilizonifurahisha zaidi. Ni jozi ya milimita 4, zimeunganishwa kwa kamba ya plastiki ya sentimita 80. Zile za chuma zilizonyooka zinateleza, na ukiwa melini ikikudondoka moja inabingirika hadi chini ya viti vya watu. Hizi zimeshikana, ukiachia mkono zinabaki hapo hapo. Halafu mwanzi unaushika uzi kidogo, kitanzi hakichomoki chenyewe, na kwa mtu anayefuma bila kutazama hilo ni jambo kubwa. Kasoro yake ni pale kamba inapoingia kwenye mwanzi: pana ukingo mdogo unaokwamisha vitanzi. Nimeusugua kwa msasa laini, umepungua ila haujaisha. Kamba nayo ilikuja imejikunja sana. Iloweke kwenye maji ya moto kwa dakika chache kisha inyooshe kwa mikono, itatulia.

Jambo moja kuhusu namba, tafadhali lizingatie kabla hujatoa hela. Sindano za zamani, zile ambazo mama na bibi zetu walitutunzia, zina namba za Kiingereza, na huko namba inavyopanda ndivyo sindano inavyozidi kuwa nyembamba. Namba 8 ni milimita 4, namba 10 ni milimita 3.25. Za siku hizi zinaandikwa milimita moja kwa moja. Ukiona "namba 8" kwenye maelekezo ya zamani ukaenda kununua ya milimita 8, kazi yote itakuwa matundu matundu.

Sasa uzi. Akriliki niliinunua kwenye duka la vifaa vya ushonaji karibu na Makoroboi, donge la gramu 100 kwa shilingi 5,500, na lebo inasema lina mita 290. Kwa kipimo changu huu ndio ulioshinda. Umesokotwa vizuri, ncha ya sindano haiupasui, na unapita kidoleni kwa mwendo ule ule mwanzo hadi mwisho. Niliufumia shali, kila mstari namna moja, vitanzi vyote vya mbele. Ufumaji wa hivyo una faida mbili kwa msomaji: kitambaa hakijikunji pembeni, na hakina upande wa ndani wala wa nje, kwa hiyo ukigeuza kazi huna cha kukumbuka. Vidole vinajiendea. Kitabu nimekibana kwa vibanio viwili vya nguo, kimoja kila upande, na mkono unaachia sindano pale tu ninapofungua ukurasa mwingine.

Sehemu kubwa ya shali hiyo niliifumia kwenye meli ya kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, safari ya kama saa tatu, nikienda kumwona mama mkwe. Mama mmoja aliyekaa pembeni yangu aliniangalia kwa muda, kisha akaniuliza, "Mwanangu, unasoma au unafuma?" Nikamwonyesha jalada. Akasema, "Ahaa, huyo si mzee wetu wa Kagunguli!" Tukaanza kuongea, na kwa mara ya kwanza siku hiyo kitabu kikafungwa.

Kitereza, aliyeishi Kagunguli huko huko Ukerewe, alimaliza kukiandika mwaka 1945, kwa Kikerewe, lugha ya kisiwa hicho, kisha akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Kilichapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, na mwaka uliofuata mzee akafariki. Miaka thelathini na mitano mswada unasubiri! Nikifikiria hilo napata uchungu, kisha nashukuru kwamba haukupotea.

Hadithi yenyewe ni ya mume na mke wanaopendana na hawajapata mtoto. Ndugu wa mume wanamsema mke vibaya mpaka wazazi wake wanakuja kumchukua, na Myombekere, badala ya kuoa mwingine kama anavyoshauriwa, anamfuata ukweni kuomba radhi na kupewa masharti ya pombe ya ndizi. Mtu mwenye haraka atachoka. Kitereza hapiti popote mbio: salamu zinasalimiwa zote, pombe inatengenezwa hatua kwa hatua, mgeni anakaribishwa, anapewa kiti, anaulizwa habari za kwao. Ndiyo maana kinakaa vizuri na sindano. Mikono inatembea kwa mwendo mmoja na hadithi nayo hivyo hivyo, na ukiinua macho kuhesabu vitanzi, ukirudi unakuta wazee bado wako kwenye mazungumzo yao. Nilisoma habari za ukweni nikiwa naelekea ukweni, kisiwa kile kile, na zile adabu za mlangoni nikazikuta bado ziko hai kwa mama mkwe.

Nilijaribu pia kurudia Rosa Mistika ya Kezilahabi, naye mtoto wa Ukerewe. Hiyo haifumiki. Ni fupi, inakukaba, sindano zinasimama kabisa. Isome mikono ikiwa mitupu.

Pamba ni habari nyingine. Donge la gramu 100 lilinigharimu shilingi 9,000 na lina urefu mdogo kuliko akriliki ya uzito ule ule. Lebo inasema limetengenezwa Uturuki. Hili linanigusa kila nikinunua. Tuko Usukumani, kwenye dhahabu nyeupe yenyewe. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru, hapo Misungwi, ndiko zilikotoka mbegu za pamba zenye herufi UK ambazo wakulima wa kanda hii wamepanda kwa miaka mingi. Lakini sehemu kubwa ya pamba yetu inaondoka nchini ikiwa ghafi, nasi tunaununua uzi uliovuka bahari. Siku nitakapopata donge zuri la kufumia lililosokotwa hapa nyumbani, nitalilipia hata kama ni ghali.

Pamba niliifumia kofia ya mtoto mchanga wa wifi yangu. Mchana wa Mwanza unafika nyuzi joto 27 au 28, usiku unashuka hadi 17 au 18 na upepo wa ziwa juu yake, kwa hiyo kofia ya mtoto inahitajika, ila iwe inayonyonya jasho. Akriliki hainyonyi. Kwa ngozi ya mtoto pamba haina mpinzani. Lakini kuifuma kunataka macho yote mawili: uzi unapasuka nyuzi nyuzi, sindano inapita katikati yake, na hauna mnyumbuko, kwa hiyo vidole vinachoka mapema. Kitabu kiweke kando, washa redio.

Kwa anayetaka kujaribu: nilianza na vitanzi 72. Mimi napata vitanzi 22 kwa sentimita 10, kwa hiyo inatoka karibu sentimita 33, na kichwa cha mtoto aliyezaliwa kwa wakati huwa karibu sentimita 35. Ukingo wa viwili mbele viwili nyuma unatanuka na kushika. Ukingo huo niliufuma kwa sindano za milimita 3.25 kwa sababu pamba hulegea haraka. Juu, gawa mafungu 8 ya vitanzi 9, unganisha viwili mwishoni mwa kila fungu, mzunguko mmoja punguza, mmoja pumzika, hadi vibaki 8, uvivute kwa uzi. Kwa vile kofia ni ndogo kuliko kamba ya sindano, vuta kamba itokeze katikati ya vitanzi na ufume nusu kwa nusu.

Uzi mweupe usiufumie barazani jioni. Wale wadudu wadogo wa ziwani wakitoka, wananasa kwenye pamba na kuacha madoa ukiwafuta.

Kufua: pamba ikilowa inakuwa nzito, ukiianika kwenye kamba inarefuka, hivyo itandaze kwenye mkeka kivulini. Akriliki haisumbui majini, ila pasi usiiguse nayo kabisa. Ni plastiki, joto linaiua, inalegea na hairudi tena.

Jambo la mwisho ni rangi. Angalia namba ya mkupuo kwenye lebo, kwa sababu rangi ya jina moja hutofautiana kidogo kila mara inapopikwa. Duka moja lilinichanganyia, na mstari wa katikati ya shali unaonekana ukiutazama juani. Mama mkwe anasema haumkeri, amejifunga nayo kwenda kanisani, na ameshaagiza nyingine ya zambarau. Madonge mawili nimeyanunua kwa mpigo, namba zinalingana, na Ntulanalwo, mtoto ambaye Myombekere na Bugonoka walimpata hatimaye, ndiyo kwanza anaanza kukua kitabuni.