Land Cruiser pikapu ya zamani (HZJ79) kwa kazi za Kigoma: kabla hujatoa hela yako soma hii

Wakuu habari za muda huu. Watu wengi wananiuliza hii pikapu yangu vipi, inakula mafuta kiasi gani, niliipataje, na kama mtu ana hela zake aende kwenye pikapu ya kisasa au aje huku kwenye chuma cha zamani. Naandika kirefu mara moja.

Wenye haraka jibu lenu hili hapa. Kama unabeba mzigo kutoka mjini kwenda huko ambako lami haijafika, Land Cruiser pikapu ya 79 hata iwe na miaka ishirini na kitu ni bora kuliko pikapu yoyote mpya mpya ya hela hiyo hiyo. Ila wanunuzi wengi wanaenda kuikagua wakiwa na neno moja tu mdomoni, injini, injini, injini, na kiukweli injini ndiyo kitu cha mwisho kitakachokusumbua kwenye hii gari. Kinachowatoa watu machozi ni chesisi na makaratasi.

Yangu ni ya mwaka 2004, milango miwili, mbele mnakaa watatu mkibanana, injini 1HZ ya dizeli, silinda sita zimepangwa mstari mmoja, cc 4164, haina taabo (turbo), haina kompyuta inayoongoza mafuta. Hii injini ilitoka mwaka 1990 ikafungwa kwenye pikapu ya 75 iliyotangulia hii, halafu 79 ilipoingia mwaka 1999 ikaendelea nayo. Tofauti kubwa utakayoihisi kati ya hizo mbili ni mbele, 75 ina springi za majani mbele na nyuma, 79 mbele ina koili, kwa hiyo 79 haikupigi mgongo sana ukiwa mtupu. Ukipata 75 nzuri usiikimbie, kazi inapiga vile vile, ila safari ndefu utaisikia kiunoni.

Sasa zinapatikana wapi. Mkoa wetu umekaa na wakimbizi miaka mingi, kambi ya Nyarugusu pale Kasulu ipo tangu 1996, na mashirika na miradi karibu yote ilikuja na Land Cruiser. Mradi ukiisha au gari ikichoka wanaiuza kwa tenda, unaandika bei yako unaweka kwenye bahasha unasubiri. Nyingine zinatoka Australia, huko zilitumika sana mashambani na stelingi yao iko kulia kama sisi, ila ukiagiza mwenyewe gari ya umri huo ujue kodi ya uchakavu inakusubiri bandarini, piga hesabu kwanza kabla hujatuma hata senti. Na wale mnaohangaika kuitafuta Japan kama mnavyotafuta Noah mtachoka bure, pikapu hii ya 1HZ haikuwa ya soko la ndani la Japan, waliyokuja kuuziwa wao 2014 ilikuwa double cabin ya petroli.

Kitu ambacho watu hawakiangalii ni hizi herufi za namba ya usajili. Unaona gari ina namba C unafikiri ni gari ya juzi, kumbe hiyo herufi inakuambia ilisajiliwa lini kwa mtu binafsi, haikuambii ilitengenezwa lini. Pikapu ya mradi inaweza kutembea na namba za DFP (za miradi ya wafadhili) miaka kumi, ikauzwa, ndio ikapewa T na namba C. Kwa hiyo kwenye kadi tafuta mwaka wa kutengenezwa, acha kuangalia bampa.

Na hapo hapo kwenye gari za miradi kuna jambo zito. Hizi gari ziliingia nchini kwa msamaha wa kodi. Zikitoka kwa mwenye msamaha kwenda kwa mtu kama mimi na wewe kodi inatakiwa ilipwe, sasa kuna watu wananunua kwa tenda, hawalipi, wanakuuzia wewe kwa bei tamu na maneno mengi kwamba kadi inafuata. Kadi haifuati mkuu! Kama muuzaji hana karatasi za TRA zinazoonyesha kodi ya gari hiyo imelipwa, au kadi ina jina la mtu ambaye hajawahi kuonekana, ondoka hata kama gari inang'aa. Jina kwenye kadi lilingane na kitambulisho cha anayekuuzia, nendeni wote wawili ofisi ya TRA muombe ihakikiwe, na ulizia kama kadi haijawekwa bondi sehemu, maana siku hizi kadi za magari zinakopewa hela kila kona. Angalia na madeni ya trafiki kwenye mfumo wa polisi, unaingiza namba ya gari tu. Haya yote ni kazi ya siku moja na yanaokoa mamilioni.

Tuje kwenye chesisi, na hapa naomba mnisome vizuri.

Huku kwetu pikapu zinabeba dagaa, zinabeba chumvi ya Uvinza, zinabeba mawese. Mawese hayana shida, yanapaka chuma mafuta. Chumvi na maji ya dagaa ndio wauaji. Yanadondoka katikati ya mbao za bodi ya nyuma, yanaingia ndani ya reli za chesisi, na zile reli ni kama bomba, ndani huoni, kutu inaanzia ndani inakuja nje. Siku ukiiona kwa nje jua ndani kulishaisha zamani. Pikapu ya kwanza niliyoenda kuiona ilikuwa Kasulu, rangi mpya nyeupe, siti zimeshonwa upya, tairi mpya. Nilienda na mzee mmoja fundi wa Mwanga, hapa mjini Kigoma, ambaye amezifungua hizi gari tangu enzi za Land Cruiser 45. Dalali anasema, "Bosi hii ni kuwasha na kuondoka, haina hata tatizo moja." Mzee akamjibu taratibu, "Sawa mdogo wangu, nipe nafasi nilale chini kidogo." Akalala, akatoa kinyundo kidogo, akaanza kugonga reli kuanzia mbele kuja nyuma. Mbele inalia ngi, ngi, ngi. Alipofika nyuma ya kabini, pale springi ya nyuma inaposhikia, mlio ukabadilika ukawa pu. Akagonga tena, ikadondoka ganda la rangi nyeusi ya lami pamoja na unga mwekundu wa kutu kiganja kizima, na chini yake kulikuwa na bati limechomelewa kuziba. Hakusema kitu, akaniangalia tu, tukaaga vizuri tukaondoka.

Kwa hiyo ukiona chini kumepakwa rangi nzito nyeusi ya kung'aa usifurahie, gonga. Angalia zaidi nyuma ya kabini, kwenye mikono inayoshikilia springi, na pale bodi ya nyuma inapofungwa na boliti. Nyufa pia, hizi gari uwezo wake ni kama tani moja ila huku watu wanaongeza majani ya springi wanapakia mbili na zaidi, springi inavumilia, chesisi ndio inapasuka. Halafu safisha kwa kitambaa reli ya kulia mbele, usawa wa tairi, pale ndipo namba ya chesisi imegongwa kwenye chuma. Isome mwenyewe kwa macho yako ulinganishe na kadi, herufi kwa herufi. Ukikuta pamekwaruzwa, pamesagwa au pana mstari wa kuchomelea karibu, usijadiliane bei.

Injini sasa. Nenda asubuhi na mwambie muuzaji asiiwashe mpaka ufike, ukifika weka mkono, iwe ya baridi kabisa. Muuzaji aliyeipasha moto kabla hujafika ana anachoficha. Ikiwaka moshi mweupe kidogo halafu ukakata ni kawaida, mweusi ukikanyaga kwa nguvu ni nozo au pampu, hiyo inatengenezeka, ila wa bluu unaoendelea ujue inakula oili. Legeza kifuniko cha oili kiache kimekaa juu huku injini inaunguruma, kikirukaruka na mvuke unapuliza kwa mapigo ringi zimechoka. Fungua rejeta ikiwa bado ya baridi, washa, maji yakitoa mapovu mfululizo silinda hedi ina shida, na silinda hedi ndio udhaifu wa 1HZ, haipendi kuchemka hata kidogo. Ndio maana mimi 1HZ iliyofungwa taabo mtaani siichukui, nguvu inaongezeka kweli lakini hedi inapata joto ambalo haikutengenezewa.

Kingine ni taimingi belti. Injini ngumu kiasi hiki lakini inaendeshwa na mkanda wa mpira, na ukikatika valvu zinakutana na pistoni hapo unaanza ovahoo. Kwenye dashibodi kuna taa imeandikwa T-BELT, ukifungua switchi iwake pamoja na zile nyingine halafu izime, ikiwa haiwaki kabisa kuna mtu ameitoa balbu. Mimi ushauri wangu hata muuzaji akuapie kwamba imebadilishwa mwezi uliopita, wewe badilisha upya wiki ya kwanza pamoja na beringi yake, uanze kuhesabu mwenyewe.

Mbele pandisha jeki, shika tairi juu na chini litikise, likicheza ni beringi. Pale kwenye kona ya ekseli tairi linapogeukia kukiwa kumelowa grisi iliyochanganyika na oili sili zimekufa, spea yake haiumizi ila kazi ni chafu na fundi atakula siku nzima, kwa hiyo punguza bei. Geuza loki za magurudumu kwa mkono zote mbili, ikigoma hata moja huna 4WD hapo. Na panda uendeshe mpaka spidi 80, stelingi ikianza kutetemeka mikononi kama inataka kukutoka kuna kitu mbele kimelegea.

Kuishi nayo sasa. Nabeba dagaa kutoka Kibirizi, mawese, na wakati mwingine vifaa vya ujenzi kuelekea njia ya Simbo, Ilagala mpaka Kalya. Mvua ikinyesha ule udongo unajua wenyewe wanaoupita. Unashuka, unafunga loki, unaweka lo (4WD ya gia nzito), gia ya pili, unaachia klachi halafu unaiacha injini ipande yenyewe bila kukanyaga mafuta, inapanda polepole na mzigo wake wote. Hapo nimeshakuta pikapu nzuri za kisasa zimekaa pembeni taa ya injini inawaka, dereva ana simu mkononi na mtandao hakuna, na hata ungekuwepo mwenye mashine ya kuisoma yuko mjini. Hii yangu ikinizingua njiani ni mafuta kuingia hewa, au mkanda, au betri, vitu ambavyo fundi wa baiskeli na pikipiki kijijini anaweza kukusaidia. Tairi ni 7.50R16 za tyubu, pancha inazibwa popote palipo na pampu.

Mafuta ndio hivyo, haina huruma. Na mzigo napata kama kilomita saba au nane kwa lita, mtupu kwenye lami tisa, tenki ni lita 90, na Kigoma bei kikomo ya EWURA iko juu ya Dar kwa sababu ya umbali, kwa hiyo ukiwa unaitumia kwenda nayo kazini na kurudi itakufilisi. Nguvu za mbio haina, 90 ndio spidi yake ya raha, kuovateki basi usifikirie. Kabini ina joto na kelele, AC yangu haifanyi kazi na sijaona sababu ya kuitengeneza. Rodi laisensi ya kila mwaka ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18 ikahamishiwa kwenye mafuta, kwa hiyo umebaki na bima na stika, ila kama unabeba mzigo wa watu kwa kulipwa kata leseni ya LATRA, pale mizani na vizuizi wanauliza.

Spea nyingi za kawaida zinapatikana Mwanga, filta, bushi, brekipedi, sili. Vya ndani ya injini na gia boksi agiza Kariakoo, Gerezani, piga picha kifaa cha zamani pamoja na namba zake, kinakuja na basi. Feki ni nyingi mno hasa beringi na taimingi belti, hivyo viwili lipa hela ya orijino bila kubisha, vingine unaweza kubana.

Nani asinunue? Kama safari zako zinaishia Kasulu, Manyovu au Uvinza, huko kote ni lami, chukua Hilux ya zamani yenye injini ya 3L au 5L utaokoa mafuta na hela ya kununulia. Kama mzigo wako ni mkubwa lakini barabara nzuri, Canter itakulipa zaidi. Lakini wa Kalya, Buhingu, Mishamo na vijiji vya ndani, ambao mwezi wa pili mzigo lazima utoke, subirini 79 yenye chesisi safi na karatasi safi hata kama mtaitafuta mwaka mzima na injini yake imechoka, injini mtaifanyia ovahoo hapa hapa Mwanga. Na chukueni ya milango miwili, double cabin bodi yake ya nyuma ni fupi, magunia hayakai.