TAHADHARI: Kadi za Amiga 1200 zinazouzwa Arusha zinatangaza memori isiyokuwepo

Ndugu wapenzi wa kompyuta za zamani, ninawatahadharisha kuhusu muuzaji mmoja wa Arusha anayeuza kadi za kuongeza kasi za Amiga 1200 kupitia makundi ya simu, akidai kwamba zina prosesa ya Motorola 68030 ya megahezi 50 pamoja na memori ya megabaiti 32. Hutuma picha ya maandishi yanayotokea kompyuta inapowaka, hutaka alipwe fedha zote kwanza kwa simu, kisha mzigo hupakiwa kwenye basi. Wanunuzi wawili wasiofahamiana waliniletea kadi zao hapa Moshi nizichunguze, na zote mbili zina udanganyifu uleule, uliofichwa ndani ya ROM ya kadi, yaani chipu inayohifadhi maelekezo ya kudumu.

Ni muhimu kueleza kwa nini picha ile haithibitishi chochote. Amiga inapowashwa, Kickstart, yaani programu ya msingi iliyo ndani ya kompyuta, huzitafuta kadi zilizochomekwa, na kadi ikijitambulisha kuwa ina ROM yake, maelekezo yaliyomo hunakiliwa na kutekelezwa kabla Workbench, yaani skrini ya kazi ya Amiga, haijafunguka. Katika kadi hizi, maelekezo hayo ndiyo yanayopaswa kuipima memori na kuisajili kwenye mfumo. Anayeiandika ROM ndiye anayeuambia mfumo kuna memori kiasi gani, na mfumo hauna sababu ya kumtilia shaka.

Nilizichomoa chipu za ROM, ambazo ni EPROM za 27C256 zenye kilobaiti 32, nikazisoma kwa mashine ya kuchomea chipu na kuzilinganisha na nakala halali ya ROM ya aina hiyo ya kadi. Mahali ambapo nakala halali hupima memori hatua kwa hatua, hizi zimewekewa namba moja isiyobadilika, 02000000 kwa hesabu ya heksadesimali, yaani megabaiti 32. Hakuna kinachopimwa. Chini ya kibandiko cheusi kilichofunika memori nilikuta chipu nane za aina ya 514400, kila moja ya megabiti 4, ambazo kwa pamoja hazizidi megabaiti 4, kwa kuwa biti nane hufanya baiti moja. Huu ni mchezo uleule wa flashi feki zinazojionyesha kuwa na ukubwa ambao hazina.

Madhara yake ni makubwa kuliko hasara ya fedha. Kwa kuwa bodi haizitofautishi anwani za juu, kinachoandikwa baada ya megabaiti 4 za kwanza hurudi kuandikwa juu ya vilivyotangulia. Mfumo huanza kugawa memori kutoka anwani za chini, kwa hiyo michezo midogo hucheza vizuri na mnunuzi huridhika. Siku atakapofungua picha kubwa au programu kadhaa kwa pamoja, kompyuta itakwama, na kama wakati huo ilikuwa inaandika kwenye diski, mafaili yataharibika. Mmoja wa wanunuzi hawa amepoteza kazi za muziki alizozihifadhi kwa miaka mingi, na jambo hilo limeniuma sana.

Amri ya Avail, inayoonyesha kiasi cha memori, haitawasaidia, kwa sababu husoma orodha ileile iliyojazwa na ROM. Hata kipimo cha memori kinachoandika na kusoma papo hapo katika anwani moja kitapita bila kosa, kwa kuwa thamani iliyoandikwa ndiyo inayosomwa. Kipimo cha kweli huandika thamani tofauti katika kila eneo hadi mwisho wa memori, ndipo hurudi mwanzo kusoma yote. Kadi hizi huanguka katika kipimo hicho mara moja.

Kuhusu prosesa, maandishi ya juu yalifutika nilipoyapangusa kwa asetoni, na chini yake palikuwa na alama za mkwaruzo wa msasa. Amri ya CPU huitaja kuwa 68030, lakini ingeitaja hivyo hata kama ni 68EC030, ambayo haina MMU, yaani sehemu ya prosesa inayosimamia matumizi ya memori. Enforcer, programu ya kunasa makosa ya memori ambayo haifanyi kazi bila MMU, ilishindwa katika kadi zote mbili, ishara kwamba prosesa zake si 68030 kamili.

Kwa hiyo msilipe kabla ya kuiona kadi ikifanya kazi ndani ya Amiga, na mdai kibandiko kitolewe mbele yenu ili mzihesabu chipu za memori. Muuzaji akikataa kwa kisingizio cha kupoteza dhamana, ondokeni. Wanunuzi hawa wawili walipomwandikia, aliwajibu kwamba kadi zilitoka kwake zikiwa nzima, kisha akazifunga namba zao. Wametunza risiti za basi na kumbukumbu za malipo, na wamezipeleka polisi.

Aliyekwisha kununua aichomoe kadi, awashe Amiga bila hiyo, na anakili mafaili yake kwenye diski nyingine kabla ya jambo lolote. Kadi yenyewe si ya kutupwa: ikiandikiwa ROM halali itafanya kazi kama kadi ya megabaiti 4, na EPROM hizi hufutika kwa mwanga wa urujuanimno zikaandikwa upya. Walio Moshi na Arusha wanaweza kuniletea, nami nitaziandika bila malipo.