Makopo ya sampuli yameiokoa sebule yangu

Nimemaliza kupaka sebule kwa mara ya pili, na safari hii nimeridhika kabisa. Naandika kwa ajili ya yeyote anayekaribia kununua rangi, kwa sababu mara ya kwanza nilipoteza wikendi mbili na makopo manne makubwa kwa kukiamini kioo cha simu.

Nilianza na programu ya simu. Unapiga picha chumba, unagusa ukuta, unachagua rangi, na ukuta unabadilika papo hapo. Inasaidia kujua kama moyo wako unapenda chumba chenye kiza au cheupe. Zaidi ya hapo, hapana. Kioo cha simu kinatoa mwanga wake chenyewe. Ukuta unategemea mwanga unaoupiga. Nilichagua kijivu kilichotulia, fundi akakipaka vizuri, lakini kufika saa moja jioni sebule ilikuwa zambarau. Mgeni wa kwanza kuingia aliniuliza kwa nini nimependa zambarau. Iliniuma.

Sababu niliielewa baadaye. Kijivu kile kilikuwa na bluu ndani yake, na sakafu yangu ni ya mbao zinazoelekea rangi ya chungwa. Rangi zikikaa jirani, kila moja humsukuma mwenzake upande wa pili. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alilieleza jambo hili kwa kirefu mwaka 1839. Katika kiwanda cha ufumaji cha Gobelins, Paris, ambako alisimamia kazi ya kutia nyuzi rangi, watu walilalamika kwamba nyeusi imefifia. Alipochunguza akakuta weusi wenyewe hauna kasoro, shida ni rangi zilizowekwa kando yake. Ndivyo ilivyokuwa kwangu. Rangi haikuwa mbovu wala fundi hakukosea. Mimi ndiye niliyechagua ukuta bila kuiuliza sakafu.

Mara ya pili nikanunua kitabu cha rangi, kile chenye kadi ndefu zinazofunguka kama pepeo la kujipepea. Kina faida mbili ambazo sikuzijua. Nyuma ya kadi kuna namba inayoonyesha rangi inarudisha mwanga kiasi gani, kuanzia 0 kwa nyeusi tii hadi 100 kwa nyeupe pe. Kijivu changu kilikuwa 38, na sebule ina dirisha moja tu. Hapo nikajua kwa nini taa ziliwaka mchana. Faida ya pili: ukitaka kujua rangi hafifu imeficha nini, itazame iliyokolea kuliko zote kwenye kadi hiyo hiyo. Nyeupe mbili zinazofanana kama mapacha, ukishuka chini ya kadi zao, moja inageuka kijani na nyingine waridi.

Kasoro ya kitabu ni udogo wa vipande. Rangi ikienea kuta nne inakuwa kali kuliko ulivyoiona mkononi, maana kuta zinarudishiana mwanga wenye rangi ile ile. Manjano ndiyo inayodanganya kuliko zote. Nikipenda kipande fulani, sasa naanza na kile kilichofifia hatua moja zaidi yake.

Makopo ya sampuli, yale madogo ya kujaribia rangi, ndiyo yaliyomaliza ubishi. Nilichukua matano. Sikuyapaka ukutani, kwa sababu kijivu cha zamani kingeyadanganya macho yangu. Nilipaka vipande vya kadibodi nene, tabaka mbili kila kimoja, nikaviacha vikauke usiku kucha. Rangi mbichi si ile utakayoishi nayo. Kisha nikavisimamisha wima, kimoja kimoja: kando ya dirisha, kwenye kona, nyuma ya kochi, chini kabisa mahali ukuta unapokutana na sakafu. Asubuhi, adhuhuri, usiku taa zikiwaka. Siku nne nzima.

Siku ya kwanza nilikuwa na hakika na kijani cha majivu, sampuli namba mbili. Usiku wa pili kikafa, kikawa kama tope. Balbu zangu zilikuwa za kelvini 2700 (kipimo cha rangi ya mwanga), zile za mwanga wa manjano. Nikajaribu balbu ya 4000, yenye mwanga mweupe zaidi, na kijani kikafufuka, lakini sebule ikawa kama ofisi. Mimi jioni nataka mwanga wa kutuliza, kwa hiyo balbu zikabaki na kijani kikaondoka. Uamuzi huo peke yake ulilipa makopo yote matano.

Mwishowe kuta tatu ni nyeupe yenye krimu kidogo, namba yake ya kurudisha mwanga ni 76. Ukuta wa nyuma ya kochi ni kijani kingine chenye umanjano zaidi, na damu ya mzee iko kwenye mito miwili na ukingo wa pazia tu. Wengi husifu kanuni ya 60-30-10: asilimia 60 rangi kuu, 30 ya pili, na 10 ya kukoleza. Ni mwanzo mzuri, lakini haikuambii uhesabu sakafu. Mimi niliihesabu, ikawa ndiyo 30 yangu, na kila kitu kikakaa sawa.

Malalamiko ninayo. Sampuli zangu zilikuja kwa mng'ao mmoja tu, usiong'aa kabisa, na nilitaka ukuta wenye mng'ao kidogo ili ufutike kwa kitambaa. Rangi inayong'aa huonekana tofauti kidogo, na pia huanika kila bonde la ukuta. Tena makopo makubwa mawili ya nyeupe yangu, yenye namba ile ile ya rangi, yalipishana kidogo. Fundi aliliona mapema akayamimina yote kwenye ndoo moja na kuyakoroga kabla ya kugusa rola. Mwombe fundi wako afanye hivyo hivyo.

Kopo la sampuli nitalinunua tena bila kusita. Kitabu cha rangi, ukipata wa kukuazima, azima. Programu nimeifuta. Vile vipande vya kadibodi ninavyo bado, nyuma nimeandika namba ya rangi na aina ya balbu, na cha tatu nimeshakiegemeza kwenye ukuta wa korido.